Mrejesho: kampuni ya pinboli ya deeproot, na safari ya Frisco

Wakuu, niliuliza mashine za pinboli (mchezo wa kupigapiga kijimpira cha chuma ndani ya meza ya kioo) za deeproot, San Antonio, Texas, ziliishia wapi. Asanteni, nimepata jibu. Agosti 2021 SEC, wasimamizi wa masoko ya mitaji Marekani, walimshtaki mmiliki: zaidi ya dola milioni 58 za wawekezaji karibu 300, walioambiwa zinanunua bima za maisha, kumbe sehemu kubwa, kwa madai ya SEC, ilipelekwa kwenye kampuni zake nyingine, ikiwemo hii ya pinboli. Desemba deeproot ikaomba ufilisi. Nawahurumia wale wawekezaji, na mafundi pia.

Sasa nasubiri Texas Pinball Festival, tamasha la pinboli huko Frisco, karibu na Dallas, mwezi Machi! Mamia ya mashine, ukishakata tiketi huweki sarafu. Nitaanza na zile kongwe za kampuni ya Gottlieb. Aliye Dallas aniambie, twende wote.