Mjadala: Cicely Tyson alichagua nazi. Je, alipata koroma?

Wakuu, ubishi huu umeanzia sebuleni kwetu. Binamu yangu ni mwigizaji, na juzi kaitwa kucheza hausigeli kwenye tamthilia: anafungua geti, anapika, anafokewa, basi. Anasitasita. Shangazi akamwambia mchagua jembe si mkulima. Mimi kwa kiherehere changu nikamtaja Cicely Tyson, mwigizaji Mmarekani mweusi aliyekataa kazi kibao za kudhalilisha na bado akaheshimika mpaka anaingia kaburini. Shangazi akauliza swali moja tu: "Huyo Sesili wako alikuwa anadaiwa kodi?"

Nikakosa jibu la haraka, ndiyo maana nipo hapa.

Asiyemfahamu, akumbuke tamthilia ya Roots ya 1977: Binta, mama mzazi wa Kunta Kinte, ndiye huyo. Mdogo wangu anamjua kama yule bibi mkali, mama yake Annalise Keating, kwenye How to Get Away with Murder. Kati ya hizo mbili kuna karibu miaka 40, na kabla ya Roots tayari alikuwa na miaka 20 kazini. Alizaliwa New York Desemba 1924, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka kisiwa cha Nevis. Vitabu vingi kwa muda mrefu viliandika 1933, maana alipunguza umri ili apate kazi, na hilo simlaumu hata kidogo. Alifariki Januari 2021 akiwa na miaka 96, siku mbili tu baada ya kitabu cha maisha yake kutoka.

Sasa hoja yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Hollywood ilishtuka kwamba watu weusi nao wananunua tiketi. Zikamiminika filamu za wababe, wauza unga na machangudoa. Waigizaji wengi weusi walipata ugali wao humo. Tyson alikataa, na kuna vipindi alikaa muda mrefu bila kazi. Alikuwa sahihi, au alikuwa anaringa?

Mimi nasema alikuwa sahihi. Ila naona tunamsimulia vibaya, na hapo ndipo nataka tubishane.

Kwanza swali la shangazi. Kodi aliijua. Kabla ya kuigiza alikuwa karani wa kupiga taipu pale Msalaba Mwekundu, na alikuwa na mtoto aliyempata akiwa bado binti mdogo. Mama yake, mtu wa kanisa hasa, aliona uigizaji ni dhambi. Alimfukuza nyumbani, wakakaa kama miaka miwili hawasemeshani. Kwa hiyo hoja kwamba alikataa kwa sababu alikuwa na pa kuegemea haina miguu.

Pili, kilichomfanya akatae. Kuna kisa alichokirudia mara nyingi. Mwaka 1972 alitoka na filamu ya Sounder, akiwa Rebecca, mke wa mkulima masikini wa Louisiana anayelima shamba la mzungu. Mume kafungwa kwa kuiba nyama ya kuwalisha watoto. Kama umeiona, hutasahau siku anaporudi: Rebecca anamwona kwa mbali akichechemea, anachomoka mbio kwenye barabara ya vumbi, mikono imetangulia, analia jina lake. Hakuna hotuba pale. Ni mke anamkimbilia mumewe, na Marekani haikuwa imezoea kuona mapenzi ya namna hiyo kwa watu weusi.

Basi wakati wa kuitangaza filamu, mwandishi wa habari mmoja mzungu alimwambia kwamba hakujijua kuwa ni mbaguzi mpaka alipomwona yule kijana mweusi anamwita baba yake kwa jina lile lile la mapenzi ambalo mwanawe yeye humwitia nyumbani. Ilimkera, na hakuelewa kwa nini. Mtu mzima huyo, msomi, alikuwa hajawahi kufikiri kwamba mtoto mweusi naye ana baba wa kumdekea! Tyson anasema hapo ndipo alipoamua hatachukua tena kazi kwa ajili ya mshahara tu.

Sasa nisikilizeni vizuri. Watu husema alikataa kucheza watumwa na watumishi. Si kweli. Mwaka 1974 alicheza mwanamke aliyezaliwa utumwani akaishi hadi miaka 110, kwenye filamu ya televisheni The Autobiography of Miss Jane Pittman, ikampa tuzo mbili za Emmy, zile za televisheni. Mwishoni yule bibi anajikongoja na mkongojo hadi kwenye bomba la maji ya kunywa la wazungu peke yao, watu wameganda wanamtazama, anainama, anakunywa. Na mwaka 2011, kwenye The Help, alicheza nani? Mtumishi wa ndani, Constantine! Kwa hiyo aproni haikuwa tatizo lake. Alichokataa ni mtu asiyekuwa na kwao, asiyependwa na yeyote, aliyeletwa kwenye picha ili wengine wapite.

Ndiyo maana sipendi anapotumiwa kumchapia Hattie McDaniel. Huyu alipata Oscar Februari 1940, mtu mweusi wa kwanza kuipata, kwa kucheza mtumishi katika Gone with the Wind. Usiku ule alikaa kwenye meza ya pembeni, mbali na wenzake wa filamu. Alipobezwa na watu weusi wenzake, jibu lake lilikuwa kwamba bora alipwe kwa kuigiza utumishi kuliko kuwa mtumishi kweli. Mnamwambia nini mtu huyo? Angekataa, angekwenda wapi? Tyson alipokuja kukataa palikuwa na jukwaa na televisheni za kumpokea. Mwaka 1961 yeye, mwigizaji James Earl Jones na mwandishi Maya Angelou walikuwa kwenye tamthilia moja pale New York, The Blacks, iliyochezwa zaidi ya mara 1,400. Na 1963 televisheni ya CBS ilimweka kwenye kipindi cha kila wiki akiwa na nywele zake fupi za asili, bila kuchomwa na chanuo la moto. Mwenyewe alisimulia kwamba wasusi waliandika barua kulalamika kuwa anawaharibia biashara.

Nyongeza, baada ya kusoma majibu yenu.

Aliyesema "koroma lenyewe ni Oscar" ana hoja nzito, siwezi kuikwepa. Tyson aliteuliwa mara moja tu, kwa Sounder, akashindwa na Liza Minnelli. Kisha kimya. Oscar ya heshima alipewa 2018, akikaribia miaka 94. Na mmeorodhesha wenyewe walioipata: McDaniel mtumishi, Octavia Spencer mtumishi, Lupita wetu mtumwa. Ukiitazama orodha hiyo tu, kukataa hakulipi.

Ila aliyesema jukwaa halihesabiki, hapo nakukatalia. Mwaka 1985 aliona filamu ya The Trip to Bountiful, ya bibi anayetamani kurudi kwao Bountiful kabla hajafa, akamwendea wakala wake akasema naye anaitaka safari yake ya Bountiful. Akangoja. Mwaka 2013 akaipata, Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, ambako hakuwa amekanyaga kwa miaka 30. Kuna mahali yule bibi anaimba wimbo ambao sisi tunaujua kwenye Tenzi za Rohoni kama "Ndiyo Dhamana", na watazamaji walikuwa wanaitikia pamoja naye, ukumbi mzima, kama wako ibadani. Alichukua Tony, tuzo kubwa ya jukwaani, akiwa na miaka 88. Miaka miwili baadaye yuko tena Broadway na James Earl Jones, wazee wawili wanacheza karata.

Na mwenye kuuliza kuhusu Viola Davis, mtumishi mwingine wa The Help: ndiyo, mwaka 2018 alisema anajutia kucheza The Help, kwa sababu mwisho wa yote sauti za wale watumishi sizo zilizosikika. Mnaona tofauti? Hajutii aproni. Ni kilekile alichokikataa Tyson.

Kuhusu binamu, wanaoulizia. Nimemwambia aombe muswada, asome, aone kama huyo hausigeli ana jina. Jibu lake limeingia usiku huu. Hana. Kwenye karatasi kaandikwa "Dada", na ana mpaka Ijumaa kujibu.