Akina mama wanaoendesha kazi ya hisani mtaani: walipwe au wasilipwe?

Katibu, Nyalenda

Wapendwa, kuna jambo limekigawanya kikundi chetu na Jumapili ijayo tunalipigia kura. Nataka kuwasikia watu wa nje kabla sisi wa ndani hatujararuana.

Tuko 27 hapa Nyalenda, Kisumu, wanaume wanne, waliobaki ni wanawake. Tulianza kama chama cha kuzungushiana pesa, kila wiki mmoja anapokea. Baadaye tukaanza kuchangia wagonjwa, kisha karo ya mayatima wawili, kisha mafuriko yakatukuta. Mkazi wa huku haelezwi Mto Auji ukijaa unafanya nini. Mwisho wa Aprili 2024 mvua ilikuwa haikatiki, ziwa nalo limepanda, maji yakaingia nyumba za bondeni. Watu wakahamia madarasani, maana shule zilikuwa zimefungwa na zikachelewa kufunguliwa hadi Mei 13. Zilipofunguliwa wakahamishiwa kanisani. Sisi tulipika siku 19. Uji asubuhi, ugali na sukuma jioni, siku ya neema omena.

Shirika moja lilituletea unga, maharagwe na pesa kidogo za shughuli. Hesabu niliandika mimi, kwa hiyo haya sikusimuliwa. Mwenye pikapu alilipwa kila safari. Wa hema alilipwa. Mlinzi wa usiku alilipwa. Wa mkokoteni wa maji alilipwa kila mtungi. Sufuria kubwa zilikodiwa, mwenyewe akapokea pesa yake bila hata kufika pale. Sasa wale mama sita walioamka saa kumi usiku kuwasha moto, vibanda vyao vya mboga vimefungwa, kwenye safu yao niliandika "wamejitolea". Afisa aliyekuja kukagua alilipenda sana hilo neno. Akatupiga picha tukiwa tumeshika mwiko.

Mweka hazina amependekeza hivi: tukipata fedha kutoka nje, anayefanya kazi siku nzima apewe shilingi 400. Michango yetu wenyewe isiguswe. Nusu wamekubali, nusu wanasema tutakuwa tumeiuza sadaka yetu. Mimi niko upande wa mweka hazina, sifichi. Lakini semeni.

Boda, Kondele

Dada Katibu, pole kwa hiyo kazi, lakini hapana. Sisi vijana wa steji tunabeba mama mjamzito usiku wa manane na hatumdai. Hatujawahi kuitisha posho. Mkianza kulipana, kesho mtu akiitwa msibani atauliza kwanza, "Kuna kitu?" Na mtaa ukifika hapo, aliye maskini zaidi ndiye atakosa wa kumpikia.

Katibu, Nyalenda

Mdogo wangu, swali la heshima tu. Unambeba mjamzito mara ngapi kwa mwezi?

Boda, Kondele

Mara moja. Mbili zikizidi.

Katibu, Nyalenda

Na mafuta?

Boda, Kondele

Mara nyingi mumewe hunitoa ya mafuta.

Katibu, Nyalenda

Haya.

Mkazi wa Kaloleni

Assalaam alaykum. Hili la "kuuza sadaka" mnalitaja kana kwamba dini zimelikataza. Sisi Waislamu, zaka ina mafungu manane ya wanaostahiki, yametajwa katika Sura ya Tawba. Mafakiri na masikini ndio wa kwanza, na mara tu baada yao wametajwa wanaoitumikia, yaani wanaoikusanya na kuigawa. Hawakuambiwa waitumikie kwa thawabu peke yake. Na nyinyi Wakristo, Injili ya Luka si inasema mtenda kazi anastahili ujira wake?

Ila niongeze, na hapa ndipo sikubaliani na dada. Huyo mtumishi wa zaka hajipangii fungu lake. Kuna mwingine juu yake anayempimia. Kwenu, anayependekeza posho ni mweka hazina, anayeandika ni katibu, na wanaopokea ni wenzao wa chama. Hapo mtu mwenye jicho baya atasema mengi, na pengine hatakuwa amekosea.

Katibu, Nyalenda

Wa alaykum salaam. Hilo limeniuma kwa sababu ni kweli. Mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa hao sita kwa siku nane. Sikulitaja hapo juu.

Mwalimu, Ahero

Ndugu zangu, mnajadili shilingi 400 na mimi naona jambo kubwa zaidi: nani anaweza kuongoza? Kisumu huo huo ulipata meya mwanamke, Grace Onyango, mwaka 1965, na mwaka 1969 akaenda Bunge, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa na wananchi katika nchi hii. Kwa hiyo tusiambiane kwamba watu wa ziwani hawajazoea kuongozwa na mama. Wamezoea tangu babu yangu akiwa hai.

Angalieni lakini vikundi vyetu vya leo huku Nyando. Anayedumu kwenye kiti kwa miaka ni mama yupi? Ni yule mwenye mume wa mshahara, au aliyestaafu na pensheni, au mwenye duka linaloendeshwa na mtoto. Yule wa kibanda, hata awe na akili na moyo namna gani, baada ya gharika mbili anajiuzulu, maana kila siku anayotumikia wengine kwake hakuwashwi moto. Kwa hiyo kazi ya bure haituchujii wenye huruma, inatuchujia wenye nafasi. Halafu tunashangaa kwa nini kamati haijui bei ya unga.

Serikali yenyewe ilitumia wahudumu wa afya ya jamii miaka mingi kwa jina hilo hilo la kujitolea, wengi wao wanawake. Ilipofika 2023 ndipo wahudumu wapatao 100,000 wakapewa mikoba ya vifaa na kuahidiwa shilingi 5,000 kwa mwezi, serikali kuu itoe nusu na kaunti nusu. Hakuna aliyesema sasa wameacha kuwa na utu.

(Kuhusu hizo 5,000 kuja kwa wakati, hiyo ni mada ya siku nyingine na inataka panadol.)

Nyanya, Vihiga

Wanangu, mimi nasoma polepole lakini nimesoma yote. Mwalimu ameongea vizuri. Sasa nisikieni mimi niliyeifanya hiyo kazi.

Tulianza kutembelea wagonjwa wakati ule wa ukimwi, wakati hata kikombe cha mgonjwa kilitengwa. Tulikuwa saba, wanawake watupu. Tulifua mashuka. Tuliosha maiti ambazo ndugu walikataa kugusa. Hakuna mwanaume aliyetaka kuwa mwenyekiti wetu, na kwa nini angetaka? Hakukuwa na kitu. Tuliongozana wenyewe, tukaamua wenyewe, na hakuna aliyetuita kwenye ofisi.

Siku ilipovuma kwamba kutakuwa na pesa, orodha mpya ikaandikwa. Mkubwa mmoja akaileta imekamilika. Kati yetu saba, watatu walikuwemo. Nafasi nyingine walipewa vijana ambao hata njia ya kwenda kwa wale wagonjwa walituuliza sisi. Na mwenyekiti akapatikana, amevaa koti.

Kwa hiyo mimi sikatai mama kulipwa. Nani atakataa? Naogopa kingine. Mkiweka pesa pale, mnaweka na mlango. Sasa hivi mna wanaume wanne. Wekeni 400, mwaka ujao mtakuwa na kumi na wanne, na nyinyi mtakuwa mnapika tu, tena bila kiti.

Boda, Kondele

Nyanya, heshima kwako. Lakini si wanaume wote.

Nyanya, Vihiga

Najua, mjukuu wangu. Nilizaa watano.

Mume wa mmojawapo, Nyalenda

Nimekuwa nikisoma tu lakini wacha niseme. Mke wangu ni kati ya hao sita. Kibanda chake kilifungwa siku zote 19. Sikulalamika, watu walikuwa na njaa na mimi mwenyewe nilibeba kuni. Ila karo ya muhula wa pili tulimaliza kulipa Agosti, na mtoto alirudishwa nyumbani mara mbili. Katibu anajua. Mke wangu hakutaka kikundi kiambiwe, alisema wataona ni kama anadai.

Msitaje mtu wangu Jumapili, tafadhali. Lakini jueni yupo.

Katibu, Nyalenda

Niliijua ile mara ya kwanza, shemeji. Ya pili sikuijua.

Nyanya, maneno yako nimeyasoma kwa sauti jikoni, dada yangu akasikiliza. Tumekaa tukaandika upya lile pendekezo, na nitalipeleka Jumapili likiwa hivi. Posho inabaki 400, kutoka fedha za nje peke yake. Tutaiita posho ya siku. Kwenye makaratasi ya shirika neno "wamejitolea" halitaonekana tena, na wanaotaka kutusaidia wakiona ni ghali watuambie mbele. Atakayeipokea awe amekuwa mwanachama miezi kumi na miwili kabla ya hiyo shughuli, awe wa kike au wa kiume. Atakayegombea kiti chochote awe amefanya angalau siku kumi za kazi bila cheo: kupika, kufua, kutembelea. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inatutaka tuwe na katiba, basi haya yaingie kwenye katiba, yasibaki kwenye kumbukumbu za mkutano ambazo zinapotea kila tunapobadilisha katibu.

Na ndugu wa Kaloleni, siku za mtu hazitahesabiwa na mimi wala mweka hazina. Tumefikiria watu wawili kutoka kwa wale waliopikiwa. Wao ndio walioona nani alikuwa jikoni. Daftari litakuwa kwao.

Mkazi wa Kaloleni

Hapo sawa. Mchague mmoja asiye jamaa wa yeyote kikundini, kama Nyalenda yuko mtu wa namna hiyo.

Boda, Kondele

Mimi bado nasema hapana. Lakini hizo siku kumi za kufua kabla ya kugombea nimezipenda. Mwenyekiti wa steji yetu ningempeleka huko leo.

Nyanya, Vihiga

Hilo daftari liandikwe kwa kalamu ya wino.