Emulsheni ya bayocha inavunjika nikiweka potasiamu kaboneti

Kifuu: Wakuu, naoksidisha alkoholi ya benzili kupata benzaldehaidi. Kichocheo ni paladiamu 1% juu ya bayocha (mkaa) ya vifuu vya nazi, iliyochomwa nyuzi 600 kisha ikachemshwa kwenye asidi ya nitriki ili paladiamu ishike. Maji ml 5, tolueni ml 5, alkoholi milimoli 1, kichocheo mg 50, puto la oksijeni, nyuzi 80. Bila besi (potasiamu kaboneti) emulsheni, yaani matone ya tolueni na maji yanayoshikiliwa na chembe za bayocha, inasimama ila mmenyuko unasuasua. Nikiweka kaboneti milimoli 1 kasi inapanda, lakini nusu saa haiishi tabaka zimeachana, na asidi ya benzoiki, nisiyoitaka, imejaa. Nizidishe kichocheo au kasi ya kukoroga?

Tone: Usizidishe kitu kwanza. Tabaka la maji limekuwa jeusi? Kama ndiyo, jibu ni asidi ya nitriki. Imejaza makundi ya kaboksili (yenye tabia ya asidi) juu ya bayocha. Besi inayanyang'anya protoni, chembe zinapata chaji hasi, zinapenda maji kupita kiasi na kuachia mpaka wa maji na mafuta (yaani tolueni). Hapo hata ukoroge vipi, matone yataungana tu.

Baada ya asidi, osha mpaka maji yafike pH 6 hivi, kausha, kisha pasha kwenye naitrojeni nyuzi 400 kwa saa moja. Kaboksili nyingi zitaondoka. Fanya hivyo kabla ya kuweka paladiamu, la sivyo chembe za metali zitakua na utapoteza eneo la kazi. Kaboneti shusha hadi milimoli 0.1. Kisha dondosha tone la emulsheni kwenye maji: likisambaa, maji ndiyo yanazunguka mafuta, likibaki duara, ni kinyume chake.

Mizani: Naongezea kuhusu asidi ya benzoiki. Aldehaidi ikikutana na maji hugeuka dioli (molekuli yenye makundi mawili ya OH), na dioli hiyo ndiyo paladiamu inaioksidisha kuwa asidi, besi inaharakisha. Kwa hiyo chukua sampuli kila dakika 15, usingoje alkoholi iishe yote.

Halafu sampuli yako unaitoaje? Ukivuta tabaka la juu pekee, benzoeti (chumvi ya asidi ya benzoiki) inabaki majini na hesabu inakudanganya. Tia asidi hadi pH 2, kamua kwa ethili asetati, na bayocha yenyewe ioshe mara mbili, maana inafyonza aldehaidi. Usiache sampuli wazi usiku kucha: benzaldehaidi hujioksidisha hewani.

Tone: Na hilo puto liondoe. Mvuke wa tolueni na oksijeni tupu kwa nyuzi 80 ni bomu. Tumia oksijeni 8% ndani ya naitrojeni, na kondensa (kipoza mvuke) juu. Ukichuja, kichocheo kisikauke kwenye karatasi kikiwa na tolueni; kinaweza kuwaka chenyewe. Kiloweshe maji.

Kifuu: Tabaka la maji ni jeusi kweli. Kundi jipya la bayocha naanza nalo kwenye tanuri kesho, bila kaboneti kwanza.