Mashindano ya Dunia ya Vishale 2023: Miluzi ya Alexandra Palace iliharibu robo fainali, na waandaaji waliiachia

Wakuu, heshima kwenu.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira ambayo haijapoa tangu Januari 2023, na sioni sababu ya kuificha. Kila yanapotajwa Mashindano ya Dunia ya Vishale, mchezo wa kutupa mishale midogo ubaoni, yanayoandaliwa na PDC, shirika la vishale vya kulipwa, ya msimu ule, yaliyochezwa katika jumba la Alexandra Palace jijini London kuanzia tarehe 15 Desemba 2022 hadi tarehe 3 Januari 2023, watu hukumbuka legi moja tu, yaani awamu moja ya mchezo, ya fainali, huisifu, kisha hufunga mjadala. Legi ile nami naisifu na nitaieleza. Ninachokikataa ni kuitumia kufunika jambo lililotokea siku mbili kabla yake kwenye jukwaa lile lile, pale mchezaji aliyepangwa nambari moja alipolazimika kucheza robo fainali akiwa amevaa vifaa vya kuziba masikio kama fundi anayeendesha mashine ya kupasua mawe, kwa sababu watu waliokata tiketi walikuwa wakimpigia miluzi alipokuwa akilenga, na wenye mashindano wakaacha hali iendelee hadi mwisho.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa tarehe 1 Januari. Gerwyn Price wa Wales, bingwa wa dunia wa 2021, alikutana na Gabriel Clemens wa Ujerumani, aliyepangwa nafasi ya 25. Anayetangulia kufikisha seti tano, yaani mafungu matano ya legi, ndiye anayesonga mbele. Clemens alianza vizuri na alistahili kuongoza, hilo halina ubishi. Lakini ukumbi ulikuwa umekwisha kuamua upande wake tangu Price anapanda jukwaani, na kadiri pengo lilivyoongezeka ndivyo miluzi nayo ilivyozidi kumwandama, hasa aliposimama kutafuta dabo, ile pete nyembamba ya nje ya ubao, ili amalize legi. Baadaye akarudi jukwaani na kile kifaa kikubwa kichwani, chenye utepe mpana unaopita utosini na vikombe viwili vinavyofunika masikio yote. Ukumbi haukutulia. Alikivua, akakivaa tena, akatupa, akakosa, na akatolewa kwa seti 5 kwa 1.

Kwa wale wasioufuatilia mchezo huu kwa karibu, naomba niwaeleze kinachoharibika hapo, kwa sababu nimesoma maoni mengi ya watu wanaodhani kwamba mchezaji alidekeza tu. Kila mchezaji huanza na alama 501 na kuzipunguza hadi sifuri kamili, na mshale wa mwisho lazima uingie kwenye kiini chekundu cha katikati ya ubao au, kama ilivyo kawaida, kwenye pete ya nje, pete ya dabo inayozidisha alama mara mbili, ambayo upana wake ni milimita 8. Mchezaji husimama mita 2.37 kutoka ubaoni. Kwa umbali huo, kidole kikichelewa kuachia mshale kwa muda usiotosha hata kupepesa jicho, mshale unatua nje ya waya. Mtupaji mzuri amefanya tendo hilo mara nyingi kiasi kwamba mkono wake unajiendesha wenyewe, na jambo moja linaloweza kuuvuruga mkono huo ni sauti kali, ya ghafla, inayokuja mara tu kiwiko kinapoanza kufunguka. Anayepiga mluzi wakati huo anajua anachokifanya. Hashangilii mtu wala haimbi, bali anaingiza mkono wake kwenye mchezo bila kupanda jukwaani.

Tena kuziba masikio si dawa. Mtupaji husikia mshale wake unavyogonga ubao, humsikia mwamuzi akitangaza alama, na mwendo wake wote wa kutupa, kusogea pembeni na kurudi kwenye mstari umefungwa na sauti hizo. Ukimnyima hizo umempokonya nusu ya mazoea yake. Kwa hiyo Price alipewa hiari mbili mbovu: acheze akisikia miluzi, au acheze akiwa kiziwi, kwenye robo fainali ya dunia.

Waandaaji walifanya nini? Walimwachia mwamuzi awaombe watu utulivu. Kuomba tu! Mwamuzi wa kiwango cha dunia, mwenye mamlaka ya kuikubali au kuikataa alama, aligeuzwa kuwa mtu wa kusihi watu walewe kwa adabu. Sikuona mchezo ukisimamishwa hadi kelele zikome. Sikusikia tangazo kwamba safu fulani ya meza itaondolewa ukumbini iwapo miluzi itaendelea. Jukwaa liliendelea na kamera ziliendelea, na huo mshangao wa mchezaji aliyeziba masikio ukawa picha ya kuuzia mashindano.

Linaloniuma zaidi ni kwamba jumba hilo hilo la Alexandra Palace lilipokea mashindano ya Masters ya snuka, mchezo wa kugonga mipira mezani kwa fimbo, kuanzia tarehe 8 hadi tarehe 15 Januari 2023, yaani siku tano tu baada ya fainali ya vishale. Kule mchezaji anapoinama mezani watu hunyamaza, na anayekohoa kwa nguvu hutazamwa na ukumbi mzima. Ni London ile ile, na bila shaka wapo watu waliohudhuria yote mawili. Kumbe watu wanaweza kunyamaza wanapoelezwa kwamba kunyamaza ndiyo sharti la kuingia. Sitaki vishale vigeuzwe snuka. Nyimbo, mavazi ya vituko na meza ndefu zilizojaa bia ndivyo vilivyoupa mchezo huu watazamaji wake, nami huvifurahia. Ninachodai ni sekunde chache tu za staha, mshale wa dabo unapotupwa.

Najua jibu lililo tayari midomoni mwa wengi: mbona kwenye mpira mashabiki huzomea mpiga penalti na hakuna anayelalamika? Tofauti ni kubwa. Goli lina upana wa mita 7.32, na kelele za uwanja wa mpira ni za mfululizo, hazimvizii mpigaji hadi mguu wake ukaribie mpira. Halafu uwanjani timu zote mbili zina mashabiki, na mechi ya marudiano au msimu ujao zamu hubadilika. Mchezaji wa vishale yuko peke yake, ameupa ukumbi mgongo, na watu zaidi ya elfu tatu wako nyuma yake.

Jibu la pili ndilo linalonichukiza kuliko yote, nalo ni kwamba Price alijitakia. Wanaosema hivyo hurejea fainali ya Grand Slam ya 2018, mashindano mengine makubwa ya vishale, alipomshinda Gary Anderson wa Scotland kwa legi 16 kwa 13 huku akimpigia makelele usoni na kuchelewesha mchezo, jambo lililomfanya azomewe usiku ule na kutozwa faini baadaye. Ni kweli, alikosea, nami sikupendezwa na mwenendo wake. Lakini alihukumiwa na chombo chenye mamlaka, akalipa, yakaisha. Ni kanuni ipi ya mchezo inayosema kwamba adhabu hiyo iendelezwe na watazamaji miaka minne baadaye, kwa kumharibia mshale wa kumaliza? Kama kosa lake halikwisha, basi afungiwe rasmi, maamuzi yaandikwe, naye apewe nafasi ya kukata rufaa. Kumkabidhi kwa walevi wa meza ya sita si nidhamu ya mchezo.

Naomba pia tukumbuke mashindano ya 2021. Kwa sababu ya korona watazamaji waliingia siku ya kwanza tu, tarehe 15 Desemba 2020, kisha milango ikafungwa, na mashindano yote yaliyobaki yakachezwa ukumbi ukiwa mtupu. Price ndiye aliyetwaa ubingwa, akimfunga Anderson yule yule kwa seti 7 kwa 3, na katika seti moja ya fainali ile alifikisha wastani wa alama 136.64 kwa kila mishale mitatu. Hata hivyo alipofika kwenye mishale ya ubingwa alihangaika, akakosa dabo mara kadhaa kabla ya kumaliza. Nalitaja hilo makusudi, kwa sababu hakuna aliyemnyima lawama wala aliyeweza kumtafutia kisingizio: mkono wake ulitetemeka kwa uzito wa ubingwa na makosa yalikuwa yake mwenyewe. Mshale uliokosewa katika ukumbi wa 2023 hatujui ni wa nani. Mchezo ambao huwezi kujua kosa ni la mtupaji au la mtu aliyekaa kwenye meza ya pembeni akiwa amevaa nguo za Krismasi umepoteza kipimo chake.

Na hili si suala la heshima peke yake. Aliyetolewa robo fainali msimu ule alilipwa pauni 50,000, na aliyefika nusu fainali pauni 100,000. Mshindi wa pili alichukua 200,000 na bingwa 500,000. Orodha ya ubora wa wachezaji wa PDC hupangwa kwa jumla ya fedha za zawadi za miaka miwili, kwa hiyo kila pauni inayopotea mezani inapotea pia kwenye nafasi yako, na nafasi ndiyo inayoamua utapangwa na nani mashindano yajayo. Price aliingia akiwa wa kwanza duniani. Mashindano yalipokwisha, nafasi hiyo ilikuwa ya Michael Smith wa Uingereza, bingwa mpya. Siwezi kuapa kwamba ukumbi uliotulia ungempa Price ushindi. Naweza kusema bila kusita kwamba ni haramu kuacha fedha na vyeo vya watu viamuliwe katika mazingira ambayo waandaaji wenyewe wangeweza kuyasafisha kwa dakika tano.

Sasa niizungumzie hiyo fainali, maana nayo ni ushahidi wangu. Tarehe 3 Januari, Smith alikutana na Michael van Gerwen wa Uholanzi. Smith alikuwa amekwisha kupoteza fainali mbili za dunia, ya 2019 mbele ya van Gerwen huyo huyo na ya 2022 mbele ya Peter Wright. Katika seti ya pili, van Gerwen alitupa mishale minane bila dosari na kubakiwa na dabo 12 ili amalize legi kwa mishale tisa, idadi ndogo kuliko zote inayowezekana. Akaikosa kidogo tu. Smith, aliyekuwa amebakiwa na 141, akasogea kwenye mstari, akapiga 20 ya mara tatu, kisha 19 ya mara tatu, kisha dabo 12 ile ile, katikati kabisa. Mishale 17 isiyo na dosari, ikitoka mikononi mwa watu wawili, katika legi moja ya fainali ya dunia! Ukumbi ulilipuka, kama ulivyostahili kulipuka, mshale wa tisa ulipokwisha kutua. Smith akashinda kwa seti 7 kwa 4 na hatimaye akawa bingwa.

Jiulizeni ingekuwaje kama mtu mmoja angepiga mluzi wakati Smith anaachia mshale ule wa tisa. Tungekuwa na hadithi nyingine kabisa, na kila mmoja wetu angetaka mpiga mluzi atolewe nje akiwa ameshikwa shati. Kwa nini basi tunaona sawa mshale wa Price ulipotendewa hivyo siku mbili kabla? Kwa sababu Smith anapendwa na Price hapendwi? Staha inayotolewa kwa wapendwa pekee haina maana katika mchezo wowote.

Na aliyedhulumiwa hakuwa Price peke yake. Clemens aliingia nusu fainali akiwa Mjerumani wa kwanza kufika hatua hiyo katika mashindano ya dunia ya PDC. Kwa nchi ambayo kumbi zake hujaza maelfu ya watu kutazama vishale, hilo lilikuwa tukio la kihistoria, na mwenyewe alilifanyia kazi kwa utulivu mkubwa, bila kumchokoza mpinzani wake wala kuwachochea watazamaji. Asubuhi yake picha iliyosambaa ilikuwa ya mtu mwingine, mwenye vikombe masikioni. Mpaka leo ukilitaja jina la Clemens, anayekujibu huanza na habari za miluzi, na ushindi wake hubaki na alama ya kuuliza ambayo yeye hakuiweka.

Madai yangu kwa waandaaji hayahitaji fedha wala teknolojia. Mwamuzi apewe mamlaka ya kusimamisha mchezo na saa zote za matangazo hadi miluzi ikome, bila kuogopa ratiba ya televisheni. Anayepiga mluzi wakati mchezaji yuko kwenye mstari atolewe ukumbini usiku ule ule na asiuziwe tiketi tena msimu huo, na sharti hilo liandikwe kwenye tiketi kabla hajalipa. Tena lianze kutumika tangu siku ya kwanza, kwa mchezaji wa nafasi ya mwisho kama kwa bingwa mtetezi, si kusubiri hadi robo fainali iharibike ndipo tuanze kusikia maombi ya utulivu kutoka kwenye kipaza sauti.