Eti "wewe ulikuwa mpangaji tu": msajili ameshikilia kikoa changu cha .africa

#1 (mleta uzi)
Wakuu, heshima kwenu. Naandika mkono ukiwa bado unatetemeka, kwa sababu simu yenyewe nimeikata dakika kumi zilizopita. Yule bwana sina haja ya kumtaja. Matangazo yake ya tovuti za bei poa yamejaa kwenye nguzo za umeme kuliko picha za wagombea. Nimemlipa ada ya kikoa changu cha .africa, yaani jina la tovuti yangu, miaka minne mfululizo, risiti ninazo, na leo nilipomdai tena namba ya siri ya kuhamia kwa msajili mwingine, alinijibu: "Jina ni letu, wewe ulikuwa mpangaji tu."

Mpangaji! Mimi niliyelitunga jina hilo, nikalichora ubavuni mwa gari na kulichapa kwenye mifuko ya kahawa! Nimefungua kumbukumbu za kikoa, na kweli, kwenye mstari wa mmiliki amejiandika yeye. Kampuni yangu haionekani hata kwa darubini.

Mfumo wenyewe haukupangwa hivyo. Rejista ya .africa iko Afrika Kusini, iliungwa mkono na Kamisheni ya Umoja wa Afrika, ikasaini mkataba na ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti duniani, mwaka 2014, na baada ya mvutano mrefu wa kisheria kikoa kikaanza kutumika mwaka 2017. Kazi yake ni kutunza daftari kuu, na wanaopokea wateja ni wasajili walioidhinishwa. Kwa hiyo msajili ni karani wa kuandika jina la mteja daftarini, naye anajifanya mwenye nyumba! Kanuni za ICANN zinamtaka atoe namba ile ndani ya siku tano baada ya kuombwa na mwenye jina. Mimi nimesubiri mwezi mzima, nikaambulia kuitwa mpangaji.

#2
Pole mkuu, lakini kanuni hiyo inamlinda aliyeandikwa daftarini, na aliyeandikwa ni yeye. Miaka minne unalipa bila kutazama hati ni ya nani? Hata kuku wa mnadani huulizwa mwenyewe.

#3
Tusimcheke mleta uzi. Huenda huyo bwana si msajili kamwe bali ni dalali anayeuza kupitia kwa msajili wa nje, na hapo hata ukilalamika, kila mmoja atakurusha kwa mwenzake.

#1 (mleta uzi)
Niliamini risiti, ndugu zangu. Na alinitamkia neno hilo simu ikiwa kwenye spika, mke wangu akisikia. Mpangaji!

#4
Afadhali wewe, kikoa chako kiko hai. Changu kiliisha muda nikiwa safarini, kikaingia kwenye zile siku 30 za kukomboa jina lililoisha muda, nikatozwa mara tano ya ada ya kawaida. Barua pepe za wateja zilikuwa zikirudi zote.

#5
Wewe angalau ulipewa nafasi ya kukomboa. Mimi kadi ya benki ilikataliwa mara tatu siku ya mwisho, na jina likachukuliwa na mtu mwingine mara tu lilipofutwa.

#6
Hilo la kadi ndilo linalotumaliza. Kuna anayemjua msajili wa .africa anayepokea malipo kwa simu?

#7
Mimi pia namtafuta. Akipatikana, tafadhali nistueni.