Naombeni ushauri: tuanzie wapi ili umaskini wa watoto uwe kipaumbele cha taifa?

Mlezi_Mwangalizi: Habari zenu wakuu. Nipo kwenye kikundi cha wazazi na walimu. Tunataka serikali iufanye umaskini wa watoto kuwa kipaumbele cha taifa, kwa sheria kabisa, siyo kwa hotuba. Kuna mbunge amekubali kuupeleka muswada. Wiki ijayo tunakabidhi rasimu na usingizi sipati. Tung'ang'anie sheria, au tudai kwanza fedha taslimu kwa kaya maskini?

Kalamu_Butu: Fedha. Marekani 2021 walipanua nafuu ya kodi kwa wenye watoto, sehemu yake ikawa inalipwa kila mwezi. Umaskini wa watoto ukashuka hadi asilimia 5.2 kwa kipimo chao kinachohesabu misaada. Wakaiacha iishe muda; 2022 ukapanda hadi 12.4. Mtoto hali sheria.

Mama_Pacha: Watu wapange uzazi jamani. Unazaa watano huna hata pa kulala, halafu serikali ndiyo ikulelee?

Duma: Mama_Pacha, kwetu tulikuwa wawili tu na njaa tulilala nayo. Baba aliugua, kibarua kikaota nyasi. Saa ya mapumziko nilikuwa nabaki darasani nafuta ubao polepole, mpaka kwenye kona za fremu, mwalimu adhani napenda usafi. Kumbe nakwepa kuwaangalia wenzangu wakila. Nilisifiwa mbele ya darasa kwa ule ubao.

Kijana_wa_Jioni: Wapelekeni watoto wenyewe kamatini, waziri atasaini haraka kelele ziishe 😂

Mzee_wa_Hoja: Mleta uzi, mbona unazunguka? Huyo mbunge kakubali hivi hivi tu? Rasimu ina malengo yenye tarakimu na mwaka wa kuyafikia?

Mlezi_Mwangalizi: Ilikuwa nayo. Anasema yakibaki, serikali haiungi mkono. Nimeshamwambia tutayatoa. Wenzangu hawajui bado. Lakini tukikataa tunakosa vyote! Na Uingereza waliweka malengo kwenye sheria ya 2010, 2016 yakafutwa. Yaliwasaidia nini?

Mzee_wa_Hoja: Yalisaidia hivi: ili yafutwe ilibidi sheria nyingine ipite bungeni, watu wakaona nani kaunga mkono. Ahadi isiyo na tarakimu hakuna anayehangaika kuifuta, inakufa yenyewe. New Zealand, sheria yao ya 2018 inamtaka waziri aweke malengo ya miaka 3 na ya miaka 10. Takwimu anazitoa mtakwimu wa serikali, siyo waziri. Na bajeti ikisomwa, serikali inaeleza itagusaje umaskini wa watoto. Kalamu_Butu naye yuko sahihi kuhusu fedha, ila mfano wake unaonyesha fedha isiyo na sheria ya kudumu inavyokatwa.

Nyundo: Hii chai. Mtu ana muswada mkononi anakuja kuuliza humu? Akaunti yenyewe ya jana.

Kijana_wa_Jioni: Hata mimi nilishangaa. Wiki moja kabla?

Kalamu_Butu: Akaunti mpya siyo ushahidi. Wewe Nyundo kila uzi kwako ni chai.

Mlezi_Mwangalizi: Nimefungua mpya kwa sababu wenzangu wapo humu. Kifungu cha 4 kilisema: "Waziri atatangaza malengo ya kupunguza umaskini wa watoto na mwaka wa kuyafikia." Sasa kinasema: "Serikali itajitahidi kupunguza umaskini wa watoto kadiri hali itakavyoruhusu."

Duma: Chai au siyo chai, hicho kifungu cha pili nimekisoma nikasikia tumbo linanguruma. Hali haijawahi kumruhusu mtoto maskini hata siku moja.

Mzee_wa_Hoja: Hukuwa na mamlaka ya kukitoa peke yako. Kaeni wote kabla ya kukabidhi. Tarakimu zikigoma kabisa, ng'ang'anieni mawili: taarifa ya kila mwaka pamoja na bajeti, na takwimu kutoka mikono isiyo ya waziri.

Mlezi_Mwangalizi: Taarifa ya bajeti naona atakubali. Wenzangu nitawaambia kesho jioni.

Mama_Pacha: Kesho ya nini? Wapigie leo.