Mtoto aliyelitangulia darasa: tumsubirishe hadi mtihani wa mwisho?

Mleta mada, Ngamiani, Tanga

Wadau wa Tanga na kwingineko, salaam. Kuna jambo ambalo kila matokeo ya darasa la saba yakitoka linazungumzwa barazani wiki moja, kisha linapoa hadi mwakani. Safari hii naomba tulijadili mpaka tufike mahali.

Mtoto mwenye akili nyingi kwetu anatambuliwa mara moja tu, kwenye mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Masomo 6, kila somo alama 50, jumla 300. Wenye alama za juu kabisa ndio wanaofikiriwa kwa shule za vipaji maalumu: wavulana Ilboru, Mzumbe, Kibaha na Tabora Wavulana, wasichana Kilakala, Msalato na Tabora Wasichana. Zote ziko nje ya mkoa wetu. Kabla ya hapo, kuanzia awali mpaka anaketi kwenye mtihani, mtoto huyo hana chochote kilichopangwa kwa ajili yake.

Msimamo wangu: huko ni kuchelewa mno. Msaada uanzie shule ya mtaani, mtoto akiwa la pili au la tatu, na usiwe wa kulipia.

Binti wa dada yangu yuko la tatu, shule ya serikali hapahapa mjini (jina naliacha). Hesabu zikiandikwa ubaoni, yeye anamaliza mwalimu hajashusha chaki. Baada ya hapo anatumwa kukusanya madaftari ya wenzake, au anagombezwa kwa kupiga soga. Ripoti ya muhula ikaja imeandikwa: "Ana akili ila msumbufu." Jioni anachukua kitabu cha kaka yake wa la sita, anakuja kuniuliza: mbona ukigawanya kwa nusu jibu linakuwa kubwa kuliko namba uliyoanza nayo? Mimi namwona mtoto mwenye njaa ya kujua, na shuleni hakuna anayemlisha.

Nani mwenye wajibu hapa: mzazi, mwalimu au serikali? Na anayejua pa kupata msaada, atuambie.

Mwalimu wa msingi, Pongwe

Mleta mada, nakusikia, lakini njoo usimame darasani kwangu siku moja. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 watoto wamejaa, na ni jambo la heri, maana wengi wao zamani wangebaki nyumbani au shambani. Ila mwalimu ni yuleyule mmoja. Mthibiti ubora akija haulizi nani amewatangulia wenzake. Anauliza wangapi hawajamudu kusoma, kuandika na kuhesabu, nami naona ana haki kuuliza hivyo. Nikiwa na dakika kumi za ziada, nitampa anayeshindwa kusoma "kaka" na "dada". Huyo wako atafaulu tu.

Na kumrusha darasa si jepesi kama watu wanavyodhani. Kuna mtihani wa taifa wa la nne na usajili wake, na kuna umri. Umpeleke mtoto wa miaka minane akakae na wa kumi na moja, hesabu ataziweza, mapumziko je?

Mleta mada

Mwalimu, shikamoo. Kazi yenu naiheshimu, ila hapo kwenye "atafaulu tu" nakataa, na mfano wangu uko mkoani kwetu, Magamba, Lushoto.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari pale. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: maziwa yanachemshwa na sukari, yanaachwa yapoe, ndipo yanaingizwa kwenye friji. Siku moja nafasi ya friji ikawa inagombaniwa, kijana akaingiza ya kwake yangali moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingia bila kuchemshwa. Alipomuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Akaenda Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa likaifanya utani, kila akikosea anachekwa kwa jina lake mwenyewe. Kisha akaja mgeni, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu Dar es Salaam. Mpemba akasimama, akauliza lilelile, wenzake wakacheka tena. Osborne akaahidi kulijaribu, na akalijaribu kweli. Mwaka 1969 makala yao wawili ikachapishwa, na mpaka leo jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba duniani kote, na wanasayansi bado wanabishana juu yake.

Kijana yule alikuwa na ujasiri wa kuuliza mara tatu. Wangapi wananyamaza mara ya kwanza tu? Huyo anayenyamaza anaweza kufaulu mtihani vizuri kabisa, akapata hata 250, na tukawa tumempoteza. Mimi simlilii alama, Mwalimu. Nalilia hilo swali lake.

Kijana wa Mabawa, aliyesoma Mzumbe

Naunga mkono nusu. Shule za vipaji maalumu msizibeze. Mimi shule ya msingi nilikuwa wa kwanza bila kutoa jasho, nikajijengea uvivu. Nilipofika Mzumbe nikakuta bweni zima la watu waliokuwa wa kwanza kwao, na hapo ndipo nilipojifunza kusoma. Mtaa hauwezi kukupa kitu hicho hata ukiwa na kila kitabu.

Lakini kwamba chujio moja linatosha, hapana. Marekani mtu aitwaye Lewis Terman alianza mwaka 1921 kuwachuja watoto kwa kipimo cha akili, akachagua zaidi ya 1,500 na kuwafuatilia maishani. William Shockley na Luis Alvarez walipimwa udogoni, wakaachwa nje. Wote wawili wakaja kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia, mmoja 1956, mwingine 1968. Kama kipimo kilichotungwa makusudi kwa kazi hiyo kiliwakosa, mtihani wetu wa kuchagua A mpaka E unawakosa wangapi?

Kuhusu pa kupata msaada, ninavyovijua: Maktaba Mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) ina vitabu vya kiada bure, ukiwa na simu na bando unasoma cha darasa lolote. Shule Direct, ya mtandaoni, ina masomo ya sekondari. Kwa wadogo kuna Ubongo Kids kwenye televisheni, nacho ni kipindi kizuri. Wa sekondari wanaweza kupeleka utafiti wao kwenye mashindano ya sayansi ya Young Scientists Tanzania. Wa kidato cha sita waliofanya vizuri sayansi wana Samia Scholarship, ufadhili wa serikali wa kusoma chuo kikuu, tangu 2022. Hebu tazameni orodha hiyo: karibu kila kitu kinaanza mtoto akishafika sekondari. Wa la tatu kaachiwa televisheni. Ndiyo maana nasema mleta mada ana hoja.

Mama wa Makorora

Naomba niwe mkweli, mada hii inanitia wasiwasi. Mambo ya "watoto wenye vipaji" yakianza, wa kwanza kupewa nafasi ni watoto waliosoma shule za kulipia, wenye tuisheni asubuhi na jioni. Wetu wanaouza vitumbua kabla ya kengele ya shule watahesabiwa hawana akili.

Wangu wa kiume mtihani umemshinda. Ila radio iliyokufa ukimpa, anaifungua, anaitandaza mkekani vipande vipande, anaifunga na inaongea. Nani alimfundisha? Hakuna. Nasikia mtaala mpya una mkondo wa amali, yaani ufundi na kazi za mikono, sekondari. Alhamdulillah, lakini mpaka afike huko, shule imeshamwambia mara ngapi kwamba hafai? Kama mnaanzisha kitu, naye awemo. Kama hawezi kuwemo, basi msitumie jina la mtaa wetu.

Ustadh, Duga

Assalaam alaykum. Mwalimu wa Pongwe amesema watoto ni wengi, na ni kweli. Nami chuoni, yaani madrasani, ninao wengi, tena wa rika zote kwenye mkeka mmoja. Kila mtoto anasoma mahali pake. Aliyehifadhi anasikilizwa, anasogea mbele. Aliyekwama anarudia, wala hapigiwi kelele. Wa miaka minane anaweza kumtangulia wa kumi na mbili, na hakuna anayeshangaa wala kumwonea haya. Aliyetangulia anapewa wadogo awasikilize, lakini akimaliza hiyo kazi anarudi kwangu kupokea sura yake mpya. Hilo la mwisho ndilo shule imeliacha: mnampa kazi ya kuwasaidia wenzake, na darsa lake mwenyewe hapati.

Watoto hawahawa asubuhi ni wa kwenu, jioni ni wa kwangu. Kama jioni wanaweza kusoma kila mmoja kwa mwendo wake, asubuhi kinachozuia ni nini?

Mwalimu wa msingi, Pongwe

Kinachozuia, Ustadh, ni kwamba wewe una kitabu kimoja na mimi nina masomo sita, ratiba, na mtihani wa Taifa unaokuja siku moja kwa wote. Halafu kwa mtaala mpya msingi unaishia la sita: wa la tatu wa mwaka 2024 watamalizia la sita mwaka 2027, pamoja na wale wa mwisho wa la saba. Madarasa mawili kuingia sekondari kwa mkupuo. Shinikizo litakuwa la alama, si la maswali.

Ila hilo la "darsa lake mwenyewe" nimelichukua. Hilo naliweza bila kibali cha mtu. Aliyemaliza mapema nitampa swali la juu yake kwenye karatasi, akae nalo. Naanza na hesabu.

Mleta mada

Nashukuru, Mwalimu. Mama wa Makorora, hoja yako naiweka mbele kuliko yangu. Ninachopendekeza ni hiki: Jumamosi asubuhi, chumba kimoja cha shule kwa ruhusa ya mwalimu mkuu na kamati ya shule, au meza za maktaba ya mkoa. Wanafunzi wa kidato cha tatu na cha tano kutoka Usagara, Galanos na Tanga Ufundi waombwe kuja kwa zamu. Watoto wasichaguliwe kwa alama. Mwalimu yeyote, mzazi yeyote, ustadh yeyote ataje mtoto anayeuliza au anayetengeneza, na akishatajwa anaingia. Vitabu tuchangie. Radio mbovu pia tuchangie.

Mama wa Makorora

Ada?

Mleta mada

Hakuna.

Mama wa Makorora

Na ya karatasi, ya chaki, ya mlinzi? Ndivyo vinavyoanza, mia mbili mia mbili. Liandikwe kwenye barua ya kamati kabla ya Jumamosi ya kwanza, nami nitakuja na wangu.

Kijana wa Mabawa, aliyesoma Mzumbe

Hesabu za la tano na la sita nazichukua mimi. Bado nashikilia kwamba kuna watoto watahitaji kuondoka Tanga ili wakutane na wenzao, na wazazi wa wasichana msiwazuie kwa sababu ya umbali wa Dodoma au Tabora. Hilo nalo lijadiliwe, halijaisha.